Lusi, Lyn (1949–2012)

Lyn Lusi alikuwa mwalimu na mmisionari mzaliwa wa Uingereza. Pamoja na mumewe, daktari Kasereka Jo Lusi, aliasisi hospitali na shirika la HEAL Africa mjini Goma, Kivu ya Kaskazini. Alifika Kongo mwaka 1971 na akafia Goma tarehe 17 Machi 2012, akiwa na miaka 62. Hakuwa daktari wala muuguzi, na hilo halina budi kutajwa mapema, kwa sababu sehemu ya kazi yake iliyo ya pekee ilifanyika nje ya chumba cha upasuaji.

Alikuja akiwa mwalimu, ametumwa na Wabaptisti wa Uingereza, ambao walikuwa na vituo kando ya mto Kongo tangu karne ya 19. Kituo cha misheni siku zile kilikuwa kanisa, shule na hospitali katika uwanja mmoja. Miaka 7 tu ilikuwa imepita tangu uasi wa Simba wa 1964, ambamo wamisionari kadhaa waliuawa na wengine wengi wakakimbia. Mwaka ule aliofika, Mobutu aliibadilisha nchi jina ikawa Zaire.

Mwaka 1974 aliolewa na Jo Lusi, kijana Mnande aliyekuja kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Ndoa hiyo ilimweka mahali ambapo wamisionari wachache walipata kufika. Mgeni aliyetumwa na misheni ana muda wake wa likizo na tarehe ya kurudi kwao. Mke ana mashemeji, ana misiba ya ukoo, ana watoto wa kulea. Watu wakamwita Mama Lyn, na aliijua vita ya Kongo kama wanavyoijua wenyeji: kwa kubaki nayo.

Kwa miaka mingi mume na mke walitumika katika hospitali za misheni za mashariki ya nchi, Nyankunde ya Ituri ikiwamo. Nyankunde ilikuwa kituo kikubwa cha makanisa ya Kiprotestanti, penye hospitali ya rufaa na shule ya wauguzi iliyoanzishwa na daktari Mwingereza Helen Roseveare. Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliishambulia wakaua watu kwa mamia, wagonjwa vitandani wakiwa miongoni mwao. Wakati huo akina Lusi walikwisha kuwa Goma.

Goma yenyewe ilikuwa imechoka. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia karibu milioni moja kwa siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwenye ardhi ya mawe ambayo hata kaburi halichimbiki kwa urahisi. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Serikali ilikuwa imeacha kuwalipa watumishi wa afya, na mabingwa walihesabika kwa vidole. Daktari kijana aliyemaliza chuo alipelekwa kijijini peke yake, na humo alitakiwa kupasua mama aliyeshindwa kujifungua, kuunga mfupa uliovunjika na kutibu degedege ya mtoto, pengine katika usiku mmoja.

Kwa ajili ya kijana huyo walianzisha shirika lao mwaka 2000, kwanza kwa jina la DOCS, na wakazi wengi wa Goma waliendelea kuliita hivyo hata baada ya jina kubadilishwa kuwa HEAL Africa. Mabingwa kutoka ng'ambo walialikwa kwa wiki kadhaa, wafundishe kwa mikono, kisha waondoke, na ujuzi ubaki kwa Wakongomani. Ukitazama historia ya hospitali za misheni Afrika ya Mashariki na Kati, nyingi zilikwama hapo hasa: daktari mzungu alipofariki au kustaafu, chumba cha upasuaji kilifungwa. Akina Lusi waliianza kazi yao kutoka upande wa pili.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava iliteremka hadi ziwa Kivu, ikaukata mji vipande viwili, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza sehemu kubwa ya hospitali changa ya shirika hilo. Watu karibu 120,000 walipoteza makazi. Hospitali ilijengwa upya. Goma watu hujenga juu ya makoro, yaani mawe meusi ya lava iliyopoa, na kuta zao huzijenga kwa mawe hayo hayo.

Kilichoifanya HEAL Africa ijulikane duniani ni fistula. Kwa kawaida fistula hutokana na uzazi uliokwama. Kichwa cha mtoto hukaa siku mbili au tatu kikibana nyama kati ya kibofu na uke, damu haipiti, nyama inakufa, tundu linabaki, na mama anavuja mkojo mchana na usiku. Katika vita ya Kongo iliongezeka fistula ya aina nyingine, iliyotokana na ubakaji wa kikatili wa watu wenye silaha. Wanawake walifika Goma baada ya safari ndefu, wengi wameachwa na waume, wengine wamefukuzwa hata kanisani kwa sababu ya harufu. Upasuaji mmoja haukutosha kila mara. Wapo waliorudi mezani mara kadhaa. Miezi yote hiyo ya kungoja ilihitaji mtu wa kuipangia kazi, na hapo ndipo mwalimu alipohitajika kuliko daktari. Mama Lyn, aliyekuwa msimamizi wa programu, alihakikisha kwamba mwanamke anayesubiri anajifunza kusoma, kushona, kufanya biashara ndogo, na kuzungumza na mshauri aliyekaa naye bila haraka.

Jina HEAL limeundwa na herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya afya, elimu, hatua za jamii na malezi ya uongozi. Herufi ya tatu ndiyo iliyobeba mawazo yake hasa. Vijijini ziliundwa kamati za Nehemia, zilizoitwa kwa jina la yule aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu, kila familia ikijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba yake. Ndani yake walikaa watu wa madhehebu na makabila mbalimbali, Waislamu wakiwamo, wakaamua wenyewe shida ipi ianze kutatuliwa. Wanawake wenye mimba walichanga fedha kidogo kidogo ili ada ya kujifungua isimzuie mmoja wao kufika kituoni, na waliokaa mbali walipata nyumba za kungojea uchungu. Mpango mwingine uliitwa Wamama Simameni, jina lisilohitaji kufafanuliwa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kamati hizo ni kazi kubwa kuliko majengo, maana kinga ya fistula ni mama kufika kwa mkunga kabla ya siku ya pili ya uchungu, na hilo huamuliwa kijijini.

Agosti 2009 Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliitembelea hospitali hiyo na kutangaza dola milioni 17 za kupambana na ukatili wa kingono mashariki ya Kongo. Jo Lusi aliingia pia Baraza la Seneti mjini Kinshasa. Mwaka 2011 Lyn alipewa Tuzo ya Opus, dola milioni moja zinazotolewa kwa kazi za kijamii zenye mizizi katika imani. Saratani ilimwondoa miezi michache baadaye.

Novemba ya mwaka huo wa 2012 waasi wa M23 waliingia Goma kwa mara ya kwanza. Walirudi mwishoni mwa Januari 2025, na hospitali za mji, HEAL Africa ikiwa mojawapo, zikafurika majeruhi. Wengi wa waliowapokea na kuwapasua HEAL Africa walikuwa Wakongomani.