Kabla ya Linux, Nafasi Kwanza

Mwezi wa Machi 1983 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa PC XT, yenye diski ya megabaiti 10. Picha tatu nne za simu ya leo zingetosha kuijaza. Kompyuta hiyo iliandamana na mfumo wa DOS toleo la 2.0, na ndani yake programu ndogo ya kuigawa diski, fdisk. Mafundi wake waliamua kwamba baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski zibebe orodha ya wakaazi wake: nafasi nne tu, kila moja ikionyesha patisheni (kipande cha diski) inaanzia wapi, ina ukubwa gani na ni ya mfumo upi. Lengo lilikuwa mtu aweze kuweka DOS huku na mfumo mwingine kama Xenix kule, kila mmoja na chumba chake, mfano wa wapangaji wa nyumba ya Kiswahili kule Mtongwe, Mombasa, wanaotumia mlango mmoja wa mbele.

Kwa hivyo anayedai kwamba kuweka mfumo wa pili ni kuilazimisha kompyuta kufanya kisicho chake, hajui ilikotoka. Ruhusa ilikuwapo tangu mwanzo. Shida ilikuwa nafasi.

Historia ya mfumo wa Linux upande wetu wa bara wa Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, husimuliwa mara nyingi kama habari ya pesa: eti watu waliifuata kwa kuwa ni ya bure. Sikubaliani. Windows nayo ilikuwa bure. CD iliyochomwa, namba ya leseni ikiwa imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, ilizunguka kutoka saiba hadi saiba, na hakuna mteja aliyemwuliza fundi ameitoa wapi. Kilichowazuia watu ni vitu vilivyokuwa tayari ndani ya diski. Fundi yeyote aliyekaa dukani Magongo au Mlaleo anayajua mazungumzo haya:

“Mwanangu, usije ukanifutia picha za harusi.”

“Mama, una nakala kwingine?”

“Kwingine wapi tena? Si ziko humo?”

Hapo habari ya mfumo mpya huishia, na kwa haki.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipotangaza kazi yake kutoka Helsinki mnamo Agosti 1991, aliyetaka kuigawa diski iliyokwisha kutumika hakuwa na njia rahisi. Alifuta kila kitu, akagawa kwa fdisk, kisha akarudisha mfumo wake na faili zake moja moja kutoka kwenye disketi. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44, kwa hivyo diski ya megabaiti 200 ilihitaji karibu disketi 140, na ole wake aliyekuta ya 97 imeingia ukungu. Hewa ya bahari haikuwa na huruma na disketi.

Nafuu ilikuja kwa programu iitwayo FIPS, ya Arno Schaefer, iliyokuwa ikitiwa kwenye CD za Linux za miaka hiyo. Yenyewe haikufuta, ilipunguza. Kwanza ulizisukuma faili zote upande wa mbele wa diski kwa programu ya kupanga faili, ndipo FIPS ikaukata mkia uliobaki mtupu na kuuandika kama patisheni mpya. Ilifanya kazi kwenye mfumo wa faili wa FAT peke yake. Kisha kulikuwa na balaa la LILO, programu ya kuwashia Linux, ambayo kwenye mashine nyingi haikuweza kusoma kitu kilicho mbali kupita silinda ya 1024. Ndiyo maana mafundi wa zamani walitenga kipatisheni kidogo cha kuwashia mwanzoni mwa diski. Wako wanaofanya hivyo mpaka leo bila kukumbuka sababu.

Na CD yenyewe ingetoka wapi? Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti. Faili ya megabaiti 700, kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ni zaidi ya siku nzima laini ya simu ikiwa imeshikwa, na hiyo ni hesabu ya mbio kamili ambazo laini zetu hazikuzijua. Kilichotuokoa kilikuwa posta. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, alitoa Ubuntu ya kwanza Oktoba 2004, na mpango wake wa ShipIt ukampelekea CD bure yeyote mwenye anwani, mpaka ulipofungwa 2011. Kuwa na sanduku la posta kulitosha. Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na IT+46 ya Sweden kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Sifa zake zilistahili kufika mbali zaidi ya zilikofika.

Ubuntu 6.06 ya Juni 2006 ndiyo iliyobadilisha mambo. Uliwasha mashine kwa CD, ukaitazama Linux ikifanya kazi bila kugusa diski, na ukiridhika kulikuwa na kitufe cha kuiweka, pamoja na mstari wa kuburuta kwa kipanya kuamua Windows ibaki na gigabaiti ngapi. Ilipunguza hata NTFS, mfumo wa faili wa Windows XP. Lakini upunguzaji huo huchukua muda, faili zikihamishwa kutoka sehemu hadi sehemu, na stima ikikatika katikati hakuna wa kumlilia. Kompyuta za mezani hazikuwa na betri, na UPS ilikuwa anasa. Mtu alivuka feri na sipiyu begani kumpelekea fundi, akarudi Likoni nayo ikiwa haiwaki. Nathubutu kusema laptopu ya mitumba, hata yenye betri ya dakika 20, iliisaidia Linux kuliko programu yoyote ya kugawa diski.

Njia iliyofanikiwa hasa ilipitia shuleni. Shirika la Camara, lililoanzishwa Dublin 2005, lilikusanya kompyuta zilizotupwa na ofisi za Ireland na kuzileta Afrika, na kituo chake cha Kenya kikawekwa Mombasa. Nairobi tayari kulikuwa na Computers for Schools Kenya, tangu 2002. Kazi ya kwanza ya Camara ilikuwa kuzisafisha diski, na hapa watu wengi hukosea: kufomati kwa haraka hakusafishi. Huondoa orodha ya faili, lakini faili zenyewe zingalimo, na mwenye programu ya kuzifufua atazisoma. Kusafisha ni kuandika juu ya kila sehemu ya diski, mwanzo hadi mwisho, hata kisibaki chochote cha mwenyewe wa zamani. Mashine hizo ziliwekewa Edubuntu, toleo la wanafunzi. Darasani hapakuwa na wa kuuliza habari za picha za harusi. Diski ilikuwa tupu, ikachukuliwa yote.

Hofu ya wengine Ubuntu ilijaribu kuizunguka mwaka 2008 kwa Wubi, iliyoificha Linux nzima ndani ya faili moja ya Windows. Ilikuwa ya polepole, na baadaye ikaachwa. Halafu zikaja mashine zenye UEFI, programu mpya ya uwashaji, na orodha ya patisheni ya GPT yenye nafasi 128 badala ya nne. Tatizo la vyumba likaisha, lakini kufuli zikaongezeka. Windows 8 ya 2012 ilileta tabia ya kujifanya imezimwa kumbe imelala, na Linux hukataa kuandika kwenye patisheni iliyoachwa hivyo. Laptopu nyingi sasa zina BitLocker, inayofunga diski kwa ufunguo: ukigusa mipangilio ya uwashaji bila ufunguo wa dharura, mteja anaombwa tarakimu 48 ambazo hajawahi kuziona.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hivyo laptopu za ex-UK za Core i5 kizazi cha sita, nzima kabisa, zimebaki nje. Fundi aliyeletewa moja ya hizo mara nyingi hagawi tena. Anafungua parafujo za chini, anaitia diski ya zamani kwenye kikasha cha USB, mteja anaondoka nayo mkononi na faili zake zote, na ndani ya mashine inapachikwa SSD mpya ya gigabaiti 256 yenye Linux Mint peke yake. Kazi haizidi saa moja, na sehemu kubwa ya bili ni bei ya SSD.