Vyuma Mgongoni: Mfupa Kuungana Si Maumivu Kwisha

Mjadala kuhusu upasuaji wa kuunganisha pingili kwa wagonjwa wenye diski zilizochakaa umetawaliwa mno na maswali ya ufundi: skrubu za aina gani, fito nene au nyembamba, kizimba cha titaniamu au cha plastiki ngumu. Makala hii inadai kwamba maswali hayo yametangulizwa kabla ya wakati wake. Vyuma vimethibitika kusaidia mifupa kuungana. Havijathibitika kwa kiwango hichohicho kumwondolea mgonjwa maumivu.

Uunganishaji wa pingili ulitangulia vyuma. Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee walieleza, kila mmoja kwa mbinu yake, namna ya kuunganisha pingili kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Skrubu zipitazo kwenye mashina ya pingili zilikuja kuendelezwa na Raymond Roy-Camille wa Ufaransa kuanzia miaka ya 1960. Kazi ya skrubu na fito ni ya muda: kuzuia pingili zisicheze mpaka pandikizi la mfupa likomae. Mfupa usipoungana, chuma huendelea kubeba mzigo hadi skrubu ilegee au fito ivunjike.

Ushahidi wa Sweden unafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 2001 Peter Fritzell na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 294 wenye maumivu sugu ya kiuno; waliopasuliwa walipata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida yasiyo ya upasuaji. Mwaka uliofuata walilinganisha mbinu tatu za upasuaji. Bila vyuma, mifupa iliungana kwa asilimia 72 ya wagonjwa; kwa skrubu, 87; kwa skrubu pamoja na pandikizi la mbele, 91. Matatizo ya mapema yalipanda pia: asilimia 6, 16 na 31. Nafuu ya maumivu haikutofautiana kwa kiwango cha kutajika. Nchini Norway, Jens Ivar Brox na wenzake waliwalinganisha mwaka 2003 wagonjwa 64: upasuaji wa skrubu haukuyazidi mazoezi yaliyoambatana na elimu ya kumwondolea mgonjwa hofu ya kutumia mgongo wake.

Watetezi wa vyuma wana hoja nzito. Ufuatiliaji wa muda mrefu uliochapishwa na Kornblum na wenzake mwaka 2004 ulionyesha kuwa wagonjwa ambao mifupa yao iliungana imara waliendelea vizuri kuliko wengine. Lakini hao walikuwa na pingili iliyoteleza na mfereji wa neva uliobanwa. Pingili inayoteleza hukipa chuma kazi ya kufanya. Diski iliyochakaa pekee ni suala jingine: mapitio ya Brinjikji na wenzake ya mwaka 2015 yalikadiria kuwa uchakavu huo huonekana kwenye picha za mgongo za asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu, na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Picha, basi, haitoshi kuonyesha chanzo cha maumivu.

Hivyo basi, anayeombwa ridhaa aelezwe ahadi mbili kwa kutenganishwa: uwezekano wa mfupa kuungana, na uwezekano wa kupata nafuu. Pasipo pingili kuteleza wala neva kubanwa, programu kamili ya mazoezi itangulie, hasa katika nchi zetu, ambako vyuma huagizwa ng'ambo ilhali ujuzi wa fiziotherapia unaweza kufundishwa hapahapa.