Msumeno wa kukatia pembe

Msumeno wa kukatia pembe ni mashine ya umeme inayotumiwa na maseremala kukata mbao kwa mshazari, kwa mfano fremu za picha. Diski yake yenye meno hushushwa kwa mkono juu ya ubao uliolazwa mezani na kuegemezwa kwenye ukingo wa nyuma.

Kona ya digrii 90 huundwa na vipande viwili, kila kimoja kimekatwa kwa digrii 45. Fremu ya pande sita huhitaji digrii 30.

Usalama

Kukata kwa mshazari kuna hatari zaidi kuliko kukata moja kwa moja, kwa sababu msumeno ukigeuzwa diski husogea karibu na mkono wa upande mmoja, tena ubao huelekea kuteleza kwenye ukingo. Kwa hiyo ubao hubanwa kwa kibano, hasa ukiwa mfupi, na mkono hukaa angalau sentimita 15 kutoka kwenye diski.

Diski huachwa ifikie kasi kamili kabla ya kugusa ubao. Baada ya kukata, swichi huachiliwa, na diski huinuliwa ikishasimama kabisa. Vinginevyo inaweza kurusha kipande kilichokatika. Plagi huchomolewa kabla ya kubadilisha diski. Fundi huvaa miwani ya kinga, lakini havai glavu wala nguo zinazoning'inia.