Miundo na Mbinu: Reli ya Kati na Kazi ya Mhandisi

Neno miundombinu halimo katika kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939. Ni neno la kuunganishwa: miundo ni vitu vyenyewe vilivyojengwa, na mbinu ni ujuzi wa kuvijenga na kuvitunza. Siku hizi twalisikia kila mahali, lakini aghalabu alisemaye ana miundo tu moyoni mwake, yaani daraja, barabara, bandari na stesheni, na nusu ya pili ya neno imekuwa kama mkia usiotazamwa. Katika makala haya nataka kuifuata nusu hiyo ya pili katika historia ya reli itokayo Dar es Salaam mpaka Kigoma, na hasa katika kipande chake kimoja kilicho bondeni, maana hapo ndipo tuwezapo kuona vizuri kazi itakayomkabili mhandisi katika miaka ijayo.

Kwanza yafaa kukumbusha kwamba ujenzi mkubwa haukuja na reli. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, Husuni Kubwa ilikuwa jengo jipya au lilikuwa bado likijengwa. Mafundi wa pwani walikata matumbawe baharini yakiwa mabichi na laini, wakayachonga kabla hayajakauka. Walichoma chokaa, wakapiga sakafu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, wala haukuweza kuuzidi. Sehemu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa ilianguka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Jambo hili wageni hulipita haraka, nami naliona kubwa kuliko kuba zote za msikiti ule. Walioujenga tena walikuwa watu wa mji uleule. Waliiona kasoro, wakaisahihisha kwa ujuzi wao wenyewe. Miundo ilikuwa yao, na mbinu pia.

Reli ilipokuja, lugha yetu haikukosa maneno ya kuipokea. Waunda jahazi huziita mbavu za chombo mataruma; neno hilo likapanda kutoka baharini likalala chini ya vyuma vya reli. Mkulima ana tuta lake la viazi, na njia ya gari moshi ikapewa tuta lake pia. Daraja, ambalo katika Kiarabu ni ngazi au cheo, kwetu lilikuwa limekwisha kuwa kivuko cha mto. Kiongozi wa wapagazi wa Unyamwezi, mnyampara, akawa nyapara wa vibarua. Gari limetoka Bara Hindi, na si ajabu: reli ya Mombasa mpaka Kisumu, iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilijengwa na vibarua wa Kihindi wapatao 32,000, na watu 2,500 hivi miongoni mwao walikufa. Lakini msomaji akiyatazama maneno haya kwa makini ataona kwamba karibu yote ni maneno ya mikono. Yanataja kitu cha kubebwa, cha kutandikwa, cha kupigiliwa. Maneno ya hesabu, ya kukadiria nguvu ya maji au uzito uwezao kuhimiliwa na nguzo, hayakuingia, kwa sababu hesabu hizo hazikufanywa pamoja na wasema Kiswahili. Ziliandikwa kwa Kijerumani, baadaye kwa Kiingereza, zikawekwa katika makabati. Nalo neno mhandisi, tulilolipata kwa Waarabu nao wakalitoa kwa Waajemi, asili yake ni kipimo. Mhandisi ni mpimaji.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa sehemu kubwa ilifuata upande wa njia ya misafara ya kale iliyokwenda Ujiji, na ilipotoka Kilosa kwenda Gulwe iliingia katika bonde la Mkondoa. Sababu yake yaeleweka: gari moshi halipendi mlima, na mto ulikuwa umekwisha kuitafuta njia nyepesi kabla ya mtu yeyote. Hata hivyo, watu wa misafara walijua tabia ya maji ya upande ule. Stanley, alipopita tambarare ya Makata wakati wa masika ya mwaka 1871, alitaabika sana topeni. Wapimaji wa Kijerumani walikuwa hodari, bali hawakuwa na kumbukumbu za mvua za miaka mingi za bonde lile. Walipima ardhi barabara. Mto waliupima kwa kadiri walivyouona katika misimu michache.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Mwaka 1916 Wajerumani wakirudi nyuma walivunja madaraja mengi, na majeshi yaliyowafuata yakayatengeneza. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, na mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika ziligawanywa. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifunguliwa mwaka 1956, na Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Hesabu hizo zitoshe: gari la kwanza lilipoingia Morogoro, mtoto wa Tanganyika aliyetaka kusomea uhandisi katika nchi yake ingempasa kungoja miaka 66.

Mnamo Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalibeba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Haikuwa mara ya kwanza, wala haikuwa ya mwisho. Yafaa kueleza jinsi jambo hilo litokeavyo, maana wengi hudhani ni mvua peke yake. Maji yashukayo kutoka nyanda za Dodoma huja na mchanga. Penye miteremko mikali mchanga huchukuliwa. Penye bonde pana mto huchoka, ukautua. Mwaka kwa mwaka kitanda cha mto hupanda. Vipitisho vya maji vilivyojengwa chini ya reli huziba, na tuta lililokusudiwa kubeba gari hugeuka kuwa bwawa ambalo hakuna aliyelijenga liwe bwawa. Maji hupanda mpaka yakalivuka, na yakiisha kulivuka hufukua upande wa pili, vyuma vikabaki vinaning'inia hewani pamoja na mataruma yake. Dawa iliyo rahisi ni kuinua tuta. Lakini mto nao huinua kitanda chake. Mahali palipokatwa miti juu mlimani na palipolimwa mpaka ukingoni, shindano hilo tuta haliwezi kulishinda, na mvua za nyakati hizi, zinazozidi ukali kwa kubadilika kwa tabianchi, zaliongezea shindano hilo kasi.

Je, kuwafundisha watu kwatosha? Reli ya TAZARA yatupa jibu lisilopendeza. Ilijengwa tangu mwaka 1970 hata 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na Wachina hawakuificha mbinu. Wanafunzi wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing mwaka 1972 kujifunza kazi ya reli, na huko Mpika kukawa na chuo. Reli ile ilikadiriwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Ujuzi ulikuwapo, lakini fedha za kuulisha hazikutengwa kila mwaka, na fundi asiye na kokoto wala taruma la kubadilisha hubaki kuangalia tu. Kwa hiyo, katika mbinu sharti tuhesabu pia bajeti ya matengenezo, jambo lisilokatiwa utepe na mtu.

Sasa kuna reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, iliyozinduliwa rasmi kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma tarehe 1 Agosti 2024. Karibu na Kilosa wajenzi wake walitoboa mahandaki manne na kuinua njia mbali na mto. Huku ni kukiri, baada ya zaidi ya miaka 100, kwamba bonde lile ni la Mkondoa. Nakubali kuwa ni ujenzi mzuri. Lakini handaki lina maji yake ya ndani, nguzo ndefu zina misingi ya kukaguliwa, na waya wa umeme hauwezi kutunzwa kwa nyundo. Tena reli ya zamani haikung'olewa. Ingali bondeni, na mhandisi kijana wa leo anairithi pamoja na ile mpya. Sehemu kubwa ya kazi yake haitakuwa kujenga. Itakuwa kukagua, kupima mvua na mchanga, kuzungumza na walimaji wa mlimani, na kuandika alichokiona ili mwenzake wa mwaka 2060 asianze tena sifuri kama walivyoanza wale wa mwaka 1905.

Hapo ndipo na sisi tushughulikao na lugha tuna deni. Maelezo ya kazi hizo yangali mengi katika lugha za kigeni, na walinzi wa njia, watu wa magenge watembeao juu ya mataruma kila alfajiri, wana maneno yao ambayo hayajaingia kamusini: ya sauti ya chuma kilicholegea, ya rangi ya maji yaletayo mchanga, ya tuta lililoanza kuliwa kwa chini. Wengi wao wanakaribia kustaafu. Ningependa kuona mkusanyaji mmoja au wawili wakipelekwa Kilosa, Kidete na Gulwe kabla ya masika, wakae na watu hao, waandike kila neno pamoja na mahali na kazi lilipotumika, kisha daftari hilo lipelekwe kwa wahandisi kwanza, na kwetu baadaye.