Matao Yaliyozibwa Mikindani

Mtwara tunayoijua, kata ya Rahaleo ikiwemo, ni mji wa juzi. Ulipanuka baada ya 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga na kutafuta bandari ya kina kirefu. Anayetaka majengo ya kale hupanda daladala mpaka Mikindani, kilomita 10 hivi kwa barabara ya Lindi. Huko yapo majengo mawili yaliyobadilishiwa kazi. Boma la Wajerumani la 1895 lilikuwa limechakaa vibaya. Shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati, nalo likawa hoteli bila kupoteza sura yake. Jirani yake, jengo linaloitwa Soko la Watumwa likawa maduka ya sanaa na kazi za mikono. Humo matao yaliyokuwa wazi yalizibwa kwa kuta, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa. Jengo la kihistoria likigeuzwa jumba la sanaa, lenyewe ndilo kazi ya kwanza ya kuonyeshwa. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilishusha Mikindani pembe za ndovu na watu. Matao yakizibwa, mgeni haioni historia hiyo; huona duka tu.

Wapo watakaosema kwamba jengo lisiloingiza fedha huanguka, na kwamba vinyago havikai mahali pasipofungwa. Ni kweli, lakini Boma limeonyesha kuwa jengo linaweza kujilisha huku umbo lake likihifadhiwa, na mlango wa nondo ndani ya tao hulinda mali bila kuficha kitu. Hoja nzito zaidi ni ya wanaoona aibu kuuza chochote palipohusishwa na kuuza binadamu. Mimi naona sanaa ya Wamakonde ina haki ya kuwa hapo kuliko bidhaa yoyote, kwa kuwa watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma, wanakoishi Wamakonde, walikuwa miongoni mwa waliotekwa. Tazama lipiko, kinyago cha ngoma ya jando: nywele halisi za binadamu zimebandikwa kichwani, na chale za usoni zimeumbwa kwa nta. Naona mchongaji alikusudia uso huo utambulike kuwa wa mtu wa kwao. Kazi kama hizo zinatafutwa kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, ilhali pwani hii ndiyo jirani ya uwanda wa Makonde. Yeyote atakayefungua jumba la sanaa katika Soko la Watumwa aanze kwa kubomoa kuta zilizoziba matao.