Motokari Isiyoridhika

Wasomaji, motokari ya kwanza kupita mwendo wa kilometa 100 kwa saa haikunywa petroli hata tone: iliendeshwa kwa umeme wa betri. Mwenyewe alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy, mtu wa ndevu nyekundu. Kwa miezi alishindana na Mfaransa Chasseloup-Laubat. Leo huyu ashinda, kesho yule. Basi tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Jenatzy alifikia kilometa 105,88. Motokari yake, La Jamais Contente, yaani Isiyoridhika Kamwe, ilifanyizwa kwa umbo la risasi ili ipasue upepo. Lakini, ajabu, yeye mwenyewe alikaa juu, nusu ya mwili nje, akiuzuia upepo uleule! Mwaka 1902 Mfaransa Serpollet alimpita kwa motokari ya mvuke.