Mazembe: Njia ya Kwenda Abu Dhabi

Msimu mkubwa kuliko yote katika historia ya TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi, Kongo, ulipata doa mapema. Mei 2010 mjini Kigali, kwenye Kombe la Kagame walikoalikwa kama wageni, Trésor Mputu na Guy Lusadisu walimvamia mwamuzi katika mechi dhidi ya APR. FIFA ikawafungia mwaka mzima. Mputu hakuwa mchezaji wa kujaza namba: kwa mwaka 2009 ndiye aliyekuwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza soka ndani ya Afrika. Bingwa mtetezi wa bara alibaki bila mtu wake wa kutegemewa, na wengi wangeapa kwamba habari yake imekwisha.

Haikwisha, na sababu ni za zamani kuliko Mputu. Mwaka 1939 watawa wa Kibenedikti waliosimamia shule ya Saint-Boniface mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa enzi za Wabelgiji, waliwaundia vijana wao timu na kuiita Saint-Georges. Mji wenyewe ulikuwa umeanzishwa 1910 kwa ajili ya shaba ya Union Minière. Wafanyakazi wa reli walikuwa na timu yao, Saint-Éloi Lupopo, na uhasama wa timu hizo mbili haujapoa hadi leo. Saint-Georges ikawa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la kampuni ya matairi, Englebert. Ilipotwaa ubingwa wa nchi wa 1966 bila kufungwa ikajiongezea Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Unyenyekevu haujawahi kuwa sifa yao. Jina la Mazembe lilifuata enzi za Mobutu.

Kanisa, kampuni ya matairi, baadaye mfanyabiashara wa madini: hii haijawahi kuwa timu ya mtaa inayochangishana nauli. Daima kuna mwenye mfuko nyuma yake, na mfuko huo, kwa njia moja au nyingine, unatokana na utajiri wa Katanga, eneo la shaba ambamo Lubumbashi ipo.

Taji la kwanza la Afrika, 1967, lina kisa chake. Fainali dhidi ya Asante Kotoko iliisha 1-1 Kumasi na 2-2 Kinshasa, ikaamuliwa irudiwe Cameroon. Kotoko hawakutokea, kwa kuwa shirikisho la Ghana halikuwafikishia taarifa. Englebert wakapewa kombe mezani. Mwaka uliofuata waliwafunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 nyumbani, wakachapwa 4-1 ugenini, wakawa klabu ya kwanza kutetea taji hilo. Fainali za 1969 na 1970 walizipoteza, ya kwanza kwa Ismaily, ya pili kwa Kotoko hao hao, safari hii uwanjani. Kombe la Washindi la 1980 ndilo lililofunga enzi hiyo. Gécamines, kampuni ya madini iliyorithi Union Minière, ilipoporomoka miaka ya 1990, mji ulikauka na soka lake likakauka nao.

Mfanyabiashara wa madini, Moïse Katumbi, alishika uenyekiti 1997, na 2007 akawa pia gavana wa Katanga. Alichofanya si muujiza. Alilipa mishahara iliyomfanya mchezaji mzuri afikirie mara mbili kabla ya kukimbilia Ulaya, akavuta vipaji ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Wazambia kama Given Singuluma na Stoppila Sunzu. Taji la 2009 lilipatikana kwa tundu la sindano: Heartland ya Nigeria walishinda 2-1 Owerri, Mazembe wakashinda 1-0 nyumbani, bao la ugenini likaamua. Desemba hiyo, kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi, walifungwa na Pohang Steelers, kisha na Auckland City, wakarudi wa sita.

Kwa hiyo Septemba 2010 Msenegali Lamine N'Diaye alipochukua mikoba ya Diego Garzitto, alikuta kikosi kilichokwisha kuonja kombe na fedheha pia. Nusu fainali waliwatoa JS Kabylie. Tarehe 31 Oktoba, katika uwanja wa komini ya Kenya (ya Lubumbashi, si nchi), Espérance ya Tunis walikula mabao matano bila jibu. Sare ya 1-1 kule Radès ilikuwa ya kutimiza ratiba tu.

Tarehe 10 Desemba walikuwa tena Abu Dhabi. Bao la Mbenza Bedi liliwaondoa Pachuca ya Mexico. Siku nne baadaye mbele yao walisimama Internacional, mabingwa wa Amerika Kusini. Wabrazili walishambulia, Robert Kidiaba akazuia, akazuia tena. Dakika ya 53 Mulota Kabangu akafunga, na dakika ya 85 Alain Kaluyituka akaongeza la pili. Kidiaba, kipa wa miaka 34 mwenye nywele za kufungwa kisogoni, akaketi nyasini, akanyoosha miguu mbele na kurukaruka kwa makalio. Klabu ya Afrika ilikuwa imeingia fainali hiyo kwa mara ya kwanza.

Fainali yenyewe haina mengi. Pandev dakika ya 13, Eto'o ya 17, Biabiany ya 85: Inter Milan 3-0. Dakika 17 za mwanzo zilitosha.

Mwaka 2011, wakitetea taji la Afrika, Mazembe waliitoa Simba ya Dar es Salaam, Simba wakalalamikia uhalali wa usajili wa Janvier Besala Bokungu, na CAF ikawaondoa mabingwa mashindanoni. Simba hawakufaidi sana, kwani Wydad waliwafunga 3-0 kwenye mechi ya mchujo mjini Cairo. Mazembe walipoteza taji lakini hawakutoka mikono mitupu. Kijana wa Simba aliyewasumbua, Mbwana Samatta, walimsajili mwaka huo huo. Tarehe 8 Novemba 2015, katika uwanja mpya wa klabu kule Kamalondo, ndiye aliyepiga penalti ya bao la kwanza dhidi ya USM Alger, na taji la tano la Afrika likatua Lubumbashi.